Madigadi Haipimwi Gari Likiwa Tupu

Kazi yangu hufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa hapa Katonga, Kigoma, huvua kwa taa, na taa haina maana usiku wa mbalamwezi. Mwezi ukishakuwa mpevu mitumbwi hupumzika, vichanja hubaki vitupu, na malori yaliyozoea kujazwa magunia hukosa mzigo. Hapo ndipo wenye magari hukumbuka kwamba kule nyuma bati la madigadi limechanika, mkono wa kulishikilia umekatika, au madigadi nzima imebaki porini. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, magari yalinijia mpaka nikakosa pa kuyaegesha. Wavuvi walilalamika, mimi nikachomelea.

Mteja karibu kila mara huanza na mng'ao. "Fundi, nataka madigadi za nyuma, ziwake!" Sawa, zitawaka. Lakini mimi huanza kwa kulala chali chini ya bodi nikitafuta mstari mweusi. Pale tairi linapogusa bati au ubao, mpira huacha alama, na bati lenyewe hulika likawa jembamba. Nikiuona mstari huo najua aliyefunga alipima gari likiwa tupu, limesimama mahali tambarare. Gari tupu halisemi ukweli. Hakuna aliyenunua Canter ili litembee tupu kutoka mwaloni hadi Kasulu.

Kwa asiye mtu wa magari, nieleze kidogo. Ekseli ya nyuma ya malori madogo mengi yanayozunguka Kigoma na Ujiji, yaani Canter, Dyna na Isuzu, hubeba matairi manne, mawili kila upande. Tunayaita matairi ya dabo. Canter lilianza kuuzwa Japani mwaka 1963, na yanayotufikia sisi mengi yamekwisha kula chumvi huko kabla ya kupanda meli. Faida ya dabo ni uzito kugawanyika, na tairi moja likipasuka katikati ya pori la Uvinza, mwenzake atakushikilia mpaka usimame salama. Hata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayosimamia uzito wa magari inaitambua tofauti hiyo: ekseli ya usukani yenye matairi mawili imewekewa kikomo cha tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne tani 10. Hizo ni hesabu za malori makubwa, Canter letu halifiki huko, ingawa wapo wenye magari wanaojaribu.

Sasa, dabo lina tabia ambazo tairi moja halina. Chukua saizi ya 7.50-16, ambayo naiona sana hapa. Kimo chake ni kama sentimita 80 na unene wa tairi moja ni kama sentimita 21. Ukiyafunga mawili na kuacha nafasi ya kupumua katikati, kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani unapata sentimita 45 au zaidi kidogo. Madigadi uliyoivua kwenye gari la tairi moja itafunika moja na kumwacha mwenzake uchi, na huyo aliye uchi ndiye atakayemwaga tope kwenye kioo cha anayekufuata.

Ile nafasi ya katikati nayo ina mambo yake. Kokoto kubwa huingia pale ikabanwa na matairi yote mawili. Itazunguka nayo kilomita kadhaa, ikikata mashavu ya matairi polepole, halafu gari likishika kasi kwenye lami jiwe linachomoka. Hakuna anayejua litachomokea wapi. Utingo mwenye akili hupita nyuma kabla ya safari na nyundo na kipande cha nondo, akachungulia katikati ya dabo. Asipofanya hivyo, madigadi ndiyo hupokea jiwe lile, na bati jembamba hulipokea mara moja tu.

Na udongo. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kudhani matope ni maji machafu. Udongo wetu mwekundu wakati wa masika hushika. Unajaa kati ya matairi, unapanda mpaka kwenye bati, unashindiliwa na kila mzunguko. Kama nafasi ni ndogo, utafika wakati udongo unakuwa breki: gari linanguruma, halipandi, na dereva anadhani klachi imekufa. Zamani, kabla barabara ya kupitia Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi haijaanza kutandikwa lami, madereva wengine walizing'oa madigadi mwanzoni mwa mvua wakaziweka juu ya mzigo. Siwalaumu. Waliofungiwa walifungiwa vibaya.

Kijana mmoja wa Ujiji aliniletea simu yake nione pikapu za Kimarekani. Huko nako kuna dabo: kampuni ya Chevrolet ilianza kuuza pikapu zenye matairi manne nyuma kutoka kiwandani katika matoleo ya mwaka 1973. Bodi ya pikapu ni nyembamba, kwa hiyo tairi la nje hutokeza kabisa pembeni, nalo hufunikwa kwa fenda pana iliyovimba kama nyonga. Wapo mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo tu, kutengeneza fenda za faibaglasi za kila umbo. Kijana alitaka nyonga hizo kwenye Dyna. Nilimwonyesha kwamba bodi ya lori lake tayari ni pana kuliko matairi, dabo lote limejificha chini yake. Ukitokeza fenda nje ya bodi, umeongeza upana wa gari bila sababu, na kwenye geti la kwanza la ghala utaiacha hapo. Kwetu madigadi hukaa chini ya sakafu ya bodi. Uzuri wake ni kukaa mahali pake.

Swali la bati gani linategemea unabeba nini, na hapa nina ubishi na watu wengi. Husema ziwa ndilo linaloleta kutu. Maji ya Tanganyika si ya chumvi, unaweza kuyapikia ugali. Bati likilowa maji ya ziwa na kukauka litashika kutu ya kawaida kama bati la nyumba. Adui hasa ni chumvi ya Uvinza, ile iliyokuwa ikichemshwa na kuuzwa mbali tangu kabla Wajerumani hawajafika. Gari linalobeba magunia ya chumvi, au samaki waliotiwa chumvi, au barafu inayoyeyuka na kuchuruzika kupitia mbao za sakafu, hudondoshea madigadi juu, mahali ambapo hakuna anayepaka rangi kwa sababu hapaonekani. Mimi nimeona madigadi ambazo upande wa tairi ni nzima, upande wa juu zimekuwa majani makavu. Kwa gari la namna hiyo nasema wazi: nunua ya plastiki, hata kama hupendi sura yake.

Za plastiki huja tayari, nyeusi, nyingine mpya na nyingine zimevuliwa kwenye malori yaliyotumika. Mara nyingi ni vipande vitatu: cha mbele, cha juu na cha nyuma. Hazishiki kutu, ni nyepesi, na kipande kikivunjika unabadilisha hicho kimoja. Ubovu wake uko kwenye matundu ya bolti. Plastiki haipendi kubanwa na kichwa kidogo cha bolti halafu itikiswe mchana kutwa. Huanza kupasuka tunduni, ufa ukaendelea. Dawa yake ni washa pana, zile kubwa kabisa unazoweza kupata, na kipande cha tyubu ya zamani chini ya washa. Ukiona ufa umeanza, toboa kitundu kidogo pale mwisho wake. Ufa hauendelei kwa urahisi ukikuta duara. Hiyo inafanya kazi kwenye bati pia.

Alumini yenye nakshi za kuchomoza, ile wanayotandika kwenye ngazi za mabasi, ndiyo inayowaka kweli. Ni nzuri, na kwa gari la mbao au la mazao kavu sina neno. Ila alumini ikishikana na chuma, pakaja chumvi na unyevu, alumini inaliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka kila bolti. Ukiing'ang'ania, weka mpira kati yake na mkono wa chuma, na bolti nazo zisiguse alumini moja kwa moja.

Mimi napenda pipa. Pipa la mafuta la lita 200, likiwa zima, halijabonyea. Ukilikata mifuniko yote miwili, ukalipasua kwa urefu na kulikunjua, unapata bati lenye urefu wa kama sentimita 180. Upana wake, ukishatoa kingo, unagawanyika vipande viwili vya sentimita 42 hivi. Pipa moja, madigadi mbili, kulia na kushoto. Zile mbavu mbili zilizolizunguka pipa kiwandani, likishakunjuliwa zinakwenda kwa urefu wa bati, moja kila kipande, nazo huliimarisha lisipige kelele. Bati la kununua dukani la unene wa milimita 1.5 ni bora kwa nguvu, sikatai, lakini halina mbavu, na usipolichapa mbavu mwenyewe litaimba kutoka hapa hadi Kidahwe.

Kwa matairi ya 7.00-16, yaliyo membamba kidogo, upana huo unakaribia kutosha. Kwa 7.50 unapungua, kwa hiyo naongezea ukingo wa mpira upande wa nje, ukanda uliokatwa kwenye tairi kuukuu na kufungwa kwa bolti ndogo. Mpira huo unasaidia siku dereva anapokwaruza kisiki. Unajikunja na kurudi.

Lakini pipa linaua. Hili nalisema kwa kila kijana anayekuja kujifunza, na nalirudia hapa kwa sababu watu husoma magazeti halafu wakajaribu nyumbani. Pipa lililokuwa na petroli, dizeli au tina hubaki na mvuke ndani hata kama limekaa wazi juani wiki nzima. Ukiliwekea grenda, cheche moja inatosha kulirusha. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba lilikuwa na mawese. Pengine kweli lilikuwa na mawese, lakini kabla ya mawese lilikuwa na nini? Mimi nalisuuza kwa maji ya moto na sabuni, nalijaza maji hadi juu, natoa mfuniko wa kwanza kwa patasi na nyundo maji yakiwa karibu kufika ukingoni, ndipo namwaga. Likishakuwa wazi pande zote mbili na limepigwa upepo, hapo grenda inaruhusiwa. Ni kazi ya kuchosha na inachafua. Asiye na subira anunue bati.

Tuje kwenye kupima, ambako ndiko fedha ya mteja inakopona au kupotea.

Chini ya chasisi, juu ya ekseli, kuna kipande cha mpira mnene kila upande. Gari likipiga shimo, springi zikalala kabisa, ekseli hupanda mpaka ikagota pale. Hapo ndipo mwisho wa safari ya tairi kwenda juu. Kwa hiyo kipimo cha kwanza si kati ya tairi na bodi. Kipimo cha kwanza ni kati ya ekseli na mpira ule. Kwenye Canter tupu mara nyingi nakuta sentimita 8 au 9. Tairi litapanda kiasi hicho siku moja, utake usitake, hasa ukipakia lumbesa. Juu ya hapo naongeza sentimita 5: kwa ajili ya udongo, kwa ajili ya mpira uliochakaa, na kwa sababu ekseli haipandi ikiwa imenyooka. Upande mmoja ukiingia shimoni na mwingine ukabaki juu, ekseli inalala mshazari, na tairi la nje hupanda zaidi kuliko la ndani. Ndiyo maana ile alama nyeusi utaikuta karibu kila mara upande wa nje wa madigadi. Fundi aliyeacha nafasi sawasawa pande zote ameusahau mshazari huo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Springi za majani kwenye malori haya zimefungwa jicho la mbele lisisogee, na la nyuma linaning'inia kwenye kiungo chake ili lipate kucheza. Springi ikilala kwa mzigo inanyooka, na ikinyooka inakuwa ndefu, na kwa kuwa mbele haiwezi kwenda, inakwenda nyuma ikivuta ekseli nayo. Ni kidogo, sentimita moja hivi, lakini madigadi iliyowekwa katikati kabisa gari likiwa tupu itajikuta iko mbele gari likishapakiwa. Mimi naisogeza nyuma kidogo tangu mwanzo. Wateja wengine huniambia, "Mzee, mbona imekaa upande?" Nawaambia wapakie mzigo kwanza, tuonane baadaye.

Nikishapata vipimo nachora chini, kwenye sakafu ya saruji, kwa kamba na chaki. Tairi la 7.50 lina nusu-kipenyo cha sentimita 40, basi nachora duara lake. Kisha sitii kamba ya madigadi kwenye kitovu kile kile. Nakipandisha kitovu sentimita 5 na kukirudisha nyuma moja, halafu nachora nusu duara ya sentimita 49. Matokeo yake ni nafasi ya sentimita 14 juu, ambako tairi litapanda, na kama sentimita 9 mbele na nyuma, ambako halina haja ya zaidi. Nusu duara hiyo inakula sentimita 154 za bati, na zile 26 zinazobaki katika urefu wa pipa nazishusha nyuma zikiwa zimenyooka, kama mkia wa kufungia mpira wa matope. Kwa hiyo pipa na Canter ni kama vilizaliwa vikijua vitakutana.

Wakati mwingine sakafu ya bodi iko chini mno, hakuna hizo sentimita 14. Fundi asiyejali atabana. Mimi naacha juu wazi: natengeneza vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na sakafu yenyewe inakuwa paa. Hapo ni lazima mbao za sakafu zipigiliwe bati chini, la sivyo mawe yatazila.

Kukunja hakuhitaji mashine. Bomba nene la chuma limelazwa juu ya magogo mawili, bati juu yake, na nyundo ya mbao. Unapiga kidogo, unasogeza vidole viwili, unapiga tena. Anayepiga kwa nguvu anapata pembe badala ya mviringo. Watu hunitania kwamba hapa ni mwisho wa reli, kwa nini nisitumie kipande cha reli. Reli ni mali ya umma, sitaki kesi. Kingo za bati nazikunja juu ya waya mnene wa milimita 6 mpaka waya ufichike ndani. Ukingo uliokunjwa hivyo hauchaniki kirahisi na haumkati utingo mkono anapobadilisha tairi usiku.

Mkono wa kushikilia ndio roho ya kazi. Bati likivunjika, linavunjika taratibu na utaliona. Mkono ukikatika, madigadi nzima inaingia chini ya tairi ukiwa mwendo kasi. Natumia bomba la inchi moja na robo lenye ukuta mnene, mikono miwili kwa kila madigadi, na kati ya bomba na bati naweka mpira. Madigadi isiyo na mpira hutikisika chuma kwa chuma, na matundu huwa mayai.

Hapo kwenye chasisi nina sheria nisizozivunja hata kwa rafiki. Sichomelei kwenye chasisi. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma kile, na chasisi huanza kukatika pale pale pembeni ya mshono, pengine baada ya mwaka, gari likiwa na tani zake mlimani. Sitoboi ubavu wa juu wala wa chini wa chasisi, kwa sababu huko ndiko nguvu inakopita. Katikati, kwenye ukuta wake uliosimama, kiwanda chenyewe kimeacha matundu mengi; natafuta yaliyo karibu na natengeneza kibao cha kuyafikia. Yakikosekana natumia bolti za umbo la U zinazoikumbatia chasisi yote. Kabla ya kukaza chochote naangalia mipaipu ya breki na nyaya zinazopita ndani yake. Bolti ndefu inayogusa mpaipu wa breki haitaleta shida leo. Itauchimba polepole.

Kama kuna kitu lazima kichomelewe kwenye bodi gari likiwa limesimama, natoa waya za betri kwanza, nafunika matairi na tangi kwa magunia yaliyoloweshwa, na kibanio cha waya wa ardhi nakifunga karibu kabisa na pale ninapochomelea. Ukikifunga mbali, umeme utatafuta njia yake kupitia beringi za magurudumu, na beringi haina namna ya kukuambia imeungua mpaka ianze kulia.

Kabla sijakaza mara ya mwisho namwambia utingo afungue tairi la nje, alitoe, alirudishe. Mikono ikikwama au spana isipozunguka, madigadi inahamishwa sasa hivi. Nahakikisha pia mkono unafika kwenye valvu ya tairi la ndani, maana tairi la ndani likikosa upepo hakuna anayeliona, na la nje linabeba mzigo wa wawili kimyakimya.

Halafu rangi. Ninasugua kwa mswaki wa waya, napaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu pande zote mbili, na upande wa tairi naongeza lami ya kupaka, tabaka nene, ili mawe yagonge laini. Upande wa juu, ule usioonekana, naupaka mara mbili. Anayebeba mawese namwonya kuhusu mipira: mafuta yanayodondoka kila siku huilegeza, kwa hiyo aifute. Taa za nyuma na reflekta zisifunikwe. Mwenye kutaka maandishi kwenye mpira wa matope, kuna kijana wa Bangwe mwenye mkono mzuri, mimi siandiki.

Mpira wenyewe una hila yake hapa Katonga. Kwenye lami unataka uwe mrefu, ufike karibu na ardhi, uzuie maji yasimrukie aliye nyuma. Lakini gari la dagaa hurudi nyuma kwenye mchanga mpaka karibu na maji, na mchanga hubonyea. Mpira mrefu ukigusa chini wakati gari linarudi, unajikunja mbele, tairi linaukanyaga, na dabo likishaukanyaga linapanda juu yake kwa uzito wake wote. Mpira haukatiki. Kinachokatika ni bati lililoushika, au mkono. Tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na ufukwe ukawa mwembamba, magari yanarudi nyuma kwenye mteremko mkali kuliko zamani, na kazi za namna hiyo zimeongezeka. Naweka mnyororo mwepesi wenye ndoano chini ya mpira. Ukifika mwaloni, utingo anashuka, anauinua mpira, anautundika kwenye bodi. Ukiondoka, anaushusha. Sekunde chache.

Bei tunapatana, na inategemea pipa limepatikana wapi na hali ya chasisi yako. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudi nikaze nati, kwa sababu mpira mpya hukaa na nati hulegea, hiyo silipishi. Kama nitakuta alama nyeusi ya tairi kwenye bati nililofunga mimi, nafungua na kurudia kwa gharama yangu. Lakini mpira uliokanyagwa kwa kuwa utingo alikuwa amelala juu ya magunia, huo utanunua mwenyewe.